Hamu ya Barafu Katika Nyumba ya Uzazi

Shikamooni, mama zangu. Nanyi wenzangu mlio na watoto mgongoni kama mimi, poleni na jua na mlima. Nimeambiwa nisimame niseme jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuka. Nitasema. Ila nawaonya mapema kwamba nina hasira, na haijaisha. Anayetaka ushuhuda wa kumbembeleza asinzie, asogee pale dirishani apate hewa. Na sitamtaja mtu jina. Wanaojijua watajijua.

Mnajua ninavyoitwa sokoni. Mcheza barafu. Watoto hunifuata nyuma wakijifanya wanateleza, na mama zao wanacheka wakidhani siwaoni. Nawaona. Basi leo nitawaeleza mara moja hicho mnachokicheka ni kitu gani, msije mkaniuliza tena njiani.

Nilikuwa mmoja wa wasichana wachache wa hapa Machame waliofika sekondari. Baba alitaka niwe mwalimu. Kabla sijapata nafasi, wale walowezi wenye shamba la kahawa chini yetu walipata msiba: bwana aliugua kifua, ikabidi akatibiwe kwao Uingereza, na bibi akataka mtu wa kuwaangalia watoto wake wawili, mtu anayejua Kiingereza cha darasani. Baba alikuwa amefanya kazi kwao. Akaniambia, "Nenda, urudi." Nikaenda. Tulikaa huko miaka, mpaka nikazoea hata mkate wao.

Mji ule ulikuwa wa viwanda na mvua. Kila Jumamosi watoto walipelekwa kwenye jengo kubwa kama ghala la kahawa, na ndani yake sakafu yote ni barafu. Wanaifanya kwa mashine, wanailaza ikawa sawa kama meza. Watu wanavaa viatu vyenye visu chini, wanateleza, muziki unapigwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye benchi nikishika makoti. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana.

Mwalimu wa pale alikuwa mwanamke mzee mwenye fimbo, mkali kama pilipili. Siku moja akanijia.

"Wewe, mbona unakaa hapo kama mzigo uliosahauliwa?"

"Nashika makoti, mama."

"Makoti hayatakimbia. Vaa viatu, la sivyo utakufa kwa baridi na mimi nitakuwa na kazi ya kueleza."

Nikavaa. Ndugu zangu, mnaijua njia ya kupanda kutoka mtoni wakati wa masika, udongo umelowa, na kichwani una mzigo wa majani ya ng'ombe? Huangalii miguu. Unalegeza magoti, unanyoosha shingo, unaacha njia ikupeleke inakotaka, nawe unaibembeleza kidogo tu. Ukikakamaa unaanguka. Tangu utoto tumefanya hivyo na hakuna aliyetupa hata asante. Basi nilipokanyaga barafu, magoti yalijua. Watoto wa Kizungu walikuwa wanashika ukuta wakilia, mimi nimefika upande wa pili. Yule mzee akagonga fimbo chini akasema, "Rudi. Fanya tena."

Kulikuwa na karani mmoja wa reli, mfupi, nywele nyekundu, mkimya kama jiwe la kusagia. Mwanamke aliyekuwa akicheza naye alikuwa ameolewa mji mwingine. Mwalimu akatuunganisha. Kwa msiojua, mchezo wenyewe uko hivi. Mwanaume na mwanamke wanashikana kama kwenye dansi, wanateleza kwa muziki bila kuachana. Hakuna kurushwa juu, hakuna sarakasi. Waamuzi wanatazama kama miguu minne inakwenda kama miguu ya mtu mmoja. Na mara nyingi mwanamke ndiye anayekwenda kinyumenyume. Haoni anakokwenda. Kuna mkono wa mtu mgongoni mwake, basi, huo mkono ndio macho yake.

Naona mama pale anamkonyeza mwenzake. Msicheke. Hatukupendana. Yule mtu alinishika mgongo miaka ile yote, na mpaka leo sijui kama anatia sukari kwenye chai.

Mashindano ya kwanza tulikuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa! Hatukuanguka, hatukukosea hatua. Nikamuuliza mwalimu kwa nini.

"Kwa sababu ulikuwa unatazama chini muda wote," akasema. "Waamuzi wamedhani umedondosha shilingi."

"Kwetu mwanamke aliyelelewa hamkazii mtu macho."

"Basi kwenu mkacheze mkiwa mmefumba macho. Hapa utamtazama mwenzako usoni, au utarudi kwenye makoti."

Nawaambia, kuinua macho kulikuwa kugumu kuliko barafu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bibi, nikijikazia macho mwenyewe mpaka machozi yakanitoka. Nikainua. Nilipoinua, kitu kikabadilika mwilini. Mgongo ukanyooka, upepo ukaja usoni, na yule karani mkimya nikaona uso wake unacheka, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Tukazunguka. Siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo. Kuna wakati visu havitoi sauti. Huhisi una uzito. Huhisi wewe ni yaya, au mweusi, au msichana wa mtu fulani. Kuna watu walikuja kuitazama rangi yangu, najua, walilipa kiingilio kwa ajili hiyo. Hao nao muziki ulipoisha walikuwa wamesimama.

Tukapanda. Wa tatu. Wa pili. Kisha jimbo lote likakusanyika, na tukawa wa kwanza. Mwalimu hakunisifu, alinifunga skafu yake shingoni akaondoka. Kilichobaki kilikuwa mashindano ya nchi yao nzima. Tukaandikishwa. Gauni likashonwa, la bluu, kiuno chembamba hivi. Halafu bwana akapona kifua. Akasema hataki tena joto na vumbi, tunarudi Tanganyika kuuza shamba, halafu wao wanarudi kwao moja kwa moja. Meli ilikuwa ikiondoka kabla ya mashindano.

Karani alikuja kuniaga. Alisimama na kofia mkononi. Akasema neno moja, "Nitasubiri." Nami nikalibeba neno hilo baharini kama mtu anayebeba yai.

Hapo ndipo penye kuanguka kwangu, mama zangu. Sikuanguka siku moja. Nilianguka polepole, nimesimama.

Shamba halikupata mnunuzi. Msimu mmoja wa kahawa ukapita, wa pili ukapita. Nikaanza kusema moyoni, barafu imekwisha, wewe ni mtu wa hapa, lima. Akatokea kijana mwalimu, mpole, anafundisha shule huko Kirua Vunjo, anarudi nyumbani Jumamosi. Nilimpenda, nasema mbele yenu, na bado nampenda. Tukafunga ndoa. Nikapata mimba, nikajifungua binti.

Nikaingizwa uzazini kwa mama mkwe, kwenye nyumba yake ya zamani ya majani, ile ya kulala na ng'ombe ndani. Ninyi mnajua desturi: mzazi hatoki, hashiki jembe, halowi mvua. Analishwa. Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori mchana, maziwa ya mgando, mlaso wa damu na maziwa na samli, mpaka mashavu yang'ae. Halafu siku ya kutoka anapakwa mafuta, anavalishwa, anapelekwa sokoni watu wamwone. Na akitoka amekonda, aibu si yake. Aibu ni ya mama mkwe. Watasema yeye ndiye aliyekula chakula cha mzazi.

Nilikuwa nimelazwa pale, mtoto ananyonya, na mlangoni, penye upenyo, ninaona kilele cha Kibo. Kila asubuhi mawingu yakifunguka, ile pale, nyeupe. Barafu yote ile! Inakaa juu hakuna anayeikanyaga. Nililia mpaka mtoto akawa analia kwa sababu mimi ninalia. Walikuja wanawake kuniona, baadhi yao wamo humu ndani. Nikawaambia moyo unaniuma. Mmoja akasema, "Mshukuru Mungu una mtoto mzima." Mwingine akasema, "Hiyo michezo ya Kizungu utaisahau, utapata furaha nyingine." Wa tatu akaenda kutangaza kwamba nimeacha mwanaume wa Kizungu huko, ndiye ninayemlilia. Asante sana. Natumaini uji mlioletewa siku ile ulikuwa mtamu.

Wakati huo ndipo bibi wa shamba alipokuja kunitazama, na kitambaa cha mtoto. Akaniambia shamba limeuzwa. Wanaondoka wasirudi, mwezi uleule wa kutoka kwangu. Karani ameuliza habari zangu, bado hajacheza na mwingine, mwalimu mzee bado yu hai na fimbo yake. "Nafasi yako ipo," akasema. "Lakini mtoto hapana. Nyumba haina nafasi ya mtoto mchanga. Gari litakungoja barabarani siku yako ya soko."

Sikumwambia mtu. Si mume, si mama mkwe. Nikaanza kujiandaa kwa njia pekee niliyokuwa nayo: nikakataa kunenepa. Gauni la bluu lilikuwa sandukuni na kile kiuno chake. Mama mkwe akileta mtori, nilikunywa vijiko viwili akiwa ananitazama, akigeuka nikaumwaga kwenye hori la ng'ombe. Mlaso kwenye hori. Maziwa kwenye hori. Ng'ombe hakuuliza swali.

Sasa niwaambie kosa langu lilikuwa wapi. Ng'ombe wa ndani si ng'ombe wa porini. Mama mkwe alimjua yule ng'ombe kuliko alivyonijua mimi. Asubuhi moja akaja kusafisha zizi, akasimama, akaweka jembe chini.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Mimi nina maajabu nyumbani mwangu. Ng'ombe anaharisha na manyoya yanang'aa kama ya bibi harusi. Na mzazi ana shingo kama mpini wa jembe. Nani kati yenu amejifungua?"

Nikavuta kanga nikafunika shingo.

"Nauliza, maana nisije nikakosea nikampaka ng'ombe mafuta nikampeleka sokoni."

Nilicheka, ndugu zangu. Nilikuwa sijacheka tangu mtoto azaliwe. Nilicheka halafu kicheko kikageuka, nikamwambia yote. Kwamba naondoka. Kwamba namwacha mtoto. Kwamba nisipokwenda nitakufa hivihivi nikiwa napumua. Nikangoja anipige.

Akakaa kwenye kigoda, akaokota mwiko wa mtori. "Ni mwanaume?"

"Si mwanaume, mama. Ni barafu."

"Barafu." Akafikiri. "Watu wanasema ni mwanaume. Kama ni mwanaume, ningekupiga kwa mwiko huu. Barafu sijui inapigwaje. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Hicho ambacho kwa ajili yake unamwachia mwanangu mtoto. Nikione. Simama."

Akatoka akarudi na magome ya mgomba, mapana, mabichi, yale wanayotelezea watoto mteremkoni. Akayatandaza kwenye sakafu, upande wa ndani ukiangalia juu, akayamwagia maji. Akavua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni.

"Haya. Mimi ni nani?"

"Wewe ni mwanaume, mama."

"Vizuri. Nimechoka kuwa mwanamke. Nikushike wapi?"

Nikauchukua mkono wake, mkono mgumu wa jembe, nikauweka mgongoni mwangu, hapa. Huu mwingine nikaushika. Nikaimba wimbo wa hatua tatu, ule tuliouchezea kule, kwa mdomo uliofungwa, mtoto asiamke. Nikamwambia, wewe njoo mbele, mimi nakwenda nyuma.

"Kinyumenyume? Na usipoona?"

"Wewe ndiye unayeona."

Tukaenda. Hatua mbili, tatu. Magome yakateleza chini yetu. Na mimi, kwa mazoea, nikainua macho nikamtazama usoni. Mama mkwe! Mnanielewa? Mkwe wangu, nimemkazia macho kama mtu wa rika langu. Hakuyakwepa. Alinitazama vilevile, midomo imebana kwa kujitahidi, na kwa dakika ile fupi tulikwenda pamoja, miguu minne. Kisha mguu wake ukapata gome lenye utomvu, akaenda chini, mimi juu yake, na ng'ombe akapiga kelele. Jirani akaja mbio akidhani nyumba imeanguka. Akatukuta tumekaa sakafuni tumelowa, tunacheka hatuwezi kusema.

Jirani alipoondoka, mama mkwe alikaa palepale chini akijifuta. Akasema, "Sasa nimejua unalilia nini. Ni kitu kizuri. Na kimekufa ukiwa unakiona. Mtu akifiwa tunamwendea, tunakaa naye. Wewe tumekuacha matanga uyakae peke yako."

Hilo ndilo lililoniinua, mama zangu. Sikupewa dawa, sikuombewa kwa kuwekewa mikono. Kuna mtu aliyesema kimekufa, na hakuniambia nishukuru.

Halafu akaongeza, maana yeye si mtu wa kuacha jambo likae tamu: "Utakwenda. Mtoto nitamlea, nimelea saba. Lakini kwenye nyumba yangu hutoki umekonda. Kula."

Nikala. Nilikula mtori nikilia, nikala mlaso, nikanenepa mpaka kiuno cha bluu kikawa hadithi. Na siku ya soko ilipofika nikapakwa samli, nikavalishwa, tukashuka. Mama mkwe alimfunga mtoto mgongoni kwake. Wanawake wakapiga vigelegele, wakanishika mikono wakiipima unene, wakimsifu yeye, "Aika, mae! Asante, mama! Umemlisha!" Na gari lilikuwa pale barabarani, linaningoja.

Hakuna aliyenizuia. Mama mkwe alilitazama gari, akanitazama, akageuka kununua magadi. Nikapanda.

Tulikuwa tunateremka kuelekea Moshi, stesheni. Bwana na watoto walikuwa wametangulia; bibi wa shamba ndiye aliyeendesha, mimi nyuma na kisanduku. Tulipofika kwenye daraja maziwa yakaja. Gauni likalowa mbele yote. Nikawa nalia bila sauti, lakini akaniona kwenye kioo. Akageuka, kwa huruma ya kweli, simsingizii, akasema:

"Usilie. Utapata mtoto mwingine."

Ndugu zangu, nilisikia kitu kinapasuka. Maana nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo! Utapata furaha nyingine. Utapata mtoto mwingine. Uzazini wameniambia mtoto ataziba pengo la barafu, sasa huyu ananiambia barafu itaziba pengo la mtoto. Kana kwamba moyo ni gunia, ukitoa mahindi tia maharage, mradi lijae. Hakuna kinachoziba. Nikaona wazi, kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, kwamba kila upande nitakaokwenda nitakuwa na hamu mpaka nazeeka. Hakuna aliyenipa njia isiyo na hamu. Kilichobaki ni kuchagua nitaishi na hamu ipi. Ya barafu nilikuwa tayari nimeishi nayo, na mtu mmoja alikuwa ameijua. Ya mtoto nisingeweza kumwonyesha mtu yeyote kule. Nani angemwaga maji sakafuni kwa ajili yangu?

Nikasema, "Simamisha."

Nikashuka na kisanduku. Hakunitukana, hakunisihi. Alisema tu, "Alikuwa anakusubiri," akafunga mlango. Hilo neno linaniuma mpaka leo. Sitaki mnipoze.

Nikapanda mlima kwa miguu, na samli inatiririka shingoni, mzazi wa kutoka leo, peke yake barabarani. Watu walinitazama wakasema amerukwa na akili. Nikamkuta mama mkwe bado sokoni, anagombana na muuza magadi. Akaniona.

"Umesahau nini?"

"Huyo uliyembeba."

Akamfungua mtoto mgongoni akanipa. "Mchukue basi. Ni mzito, mgongo umekufa." Akaendelea kugombana.

Hapo ndipo ushuhuda wangu unapoishia. Wala msitegemee niwaambie nimepona. Nikisikia wimbo wa hatua tatu kanisani, magoti yanalegea yenyewe. Usingizini nakwenda kinyumenyume na kuna mkono mgongoni. Mashindano yale sikuyacheza na sitayacheza. Lakini ninakula, ninamcheka binti yangu, mume wangu akirudi Jumamosi ananikuta nyumbani, nipo kweli, si kivuli. Huko ndiko kuinuka kwangu. Wengine wameinuka juu zaidi, mimi nimefika hapo.

Namshukuru mume wangu, ambaye nilimweleza yote baadaye, naye akaniuliza viatu vile vilikuwa na visu vya namna gani. Nawashukuru wale wazee wawili, wa fimbo na wa mwiko, ambao hawatakutana duniani na wangegombana. Na Ruwa, Mungu wetu, namshukuru pia, kwa wakati wangu, si kwa kushurutishwa.

Funzo langu ni dogo. Mwanamke akikaa mbele yenu akalia, msikimbilie kumhesabia alivyo navyo. Mwambieni awaonyeshe kile kilichokwenda. Hata kama ni kitu cha ajabu, hata kama mtaanguka.

Nimemaliza. Anayefuata na asimame. Na mama, tafadhali, kabla hujatuambia unashukuru, tuambie kwanza umepoteza nini.